Picha ya Jepkorir Isiyo na Mtu

Miaka ya sabini ilipoanza, Jepkorir alikuwa akiunganisha simu pale Posta ya Nakuru. Kutwa nzima sauti za watu zilimfokea sikioni: Molo haipatikani, Eldoret imekatika, wewe mama umelala? Akirudi nyumbani, masikio yalikuwa bado yanavuma.

Ukuta wa sebule yake ulikuwa mtupu. Jumamosi moja akaingia duka la Jagdish, aliyeuza vioo na picha za fremu. Simba walikuwapo, Yesu na kondoo, bibi Mzungu akicheka. Wote walimkodolea macho kana kwamba wanangoja jibu. Nyuma ya mlango akaona moja yenye mabaka mapana ya kahawia na buluu, basi.

"Hii ni nini?"

"Picha ya kuchapishwa tu, mama. Mchoraji ni wa Ulaya. Hata mimi sijui," Jagdish akasema. "Imekaa hapo tangu mvua ya mwaka jana. Chukua simba."

"Simba ananiangalia. Nifungie hii."

Mumewe Kiprugut, dereva wa lori la viazi, alipofika kutoka Molo aliinamisha kichwa upande huu na ule.

"Umeitundika kichwa chini?"

"Sijui."

"Sasa tutaambia watu ni nini?"

"Usiwaambie kitu."

Lakini watu hawakukubali. Akina mama wa kanisa walipokuja kusali, kiongozi wao Namalwa alisema anaona mafuriko. Mwingine akaona ng'ombe amelala. "Jepkorir, inamaanisha nini?" Juma lililofuata wakauliza tena, na lililofuata. Jepkorir akajikuta anawajibu kwa ile sauti yake ya kazini, ya upole lakini isiyo na mtu ndani.

Jioni moja akaishusha. Sebuleni akatundika kalenda ya kampuni ya mbolea, na wageni wakaridhika. Picha akaipeleka chumbani. Kiprugut, aliyekuwa barabarani tangu alfajiri, macho mekundu kwa vumbi, alipigilia msumari bila kuuliza, kisha akajitupa kitandani akiitazama.

"Iko sawa hapo?"

"Iko sawa," Jepkorir akasema, akajilaza kando yake.

Chai ilipoa jikoni. Walipohamia Njoro baadaye, kalenda waliiacha. Picha ilisafiri kwenye lori, imezungushiwa blanketi.