Kizuka Aliyeonekana Dar

Mume wangu alipofariki nilikaa eda nyumbani kwetu Chumbageni, Tanga. Nilikuwa kizuka kamili: nguo nyeupe, dirisha la barabarani limefungwa, taka nikimwagiwa na majirani. Alasiri moja hamu ya kumwona ikanizidi. Nikafungua kwa simu yangu akaunti yake ya barua pepe, alikohifadhi picha zetu, nikalia mpaka nikalala.

Akaunti ile ilikuwa wazi pia kwenye simu ya wifi yangu, dada wa marehemu, anayekaa Mabawa. Akaletewa taarifa kwamba kuna simu mpya imeingia, ya aina ile ile ya simu yangu, na mahali ilipo ni Dar es Salaam. Mimi hakunipigia. Alimpigia mama yao kule Moa, kesho yake ndipo akaja kwangu na shangazi yake.

"Udongo wa kaburi haujakauka, wewe ushafika Dar?"

"Wifi, si mimi huyu hapa? Waulize majirani."

"Majirani ni watu wako. Simu haina upendeleo."

Majirani waliapa, hakuna aliyewasikiliza. Tangu siku hiyo shangazi akatandika mkeka mlangoni kwangu, ananichunga kama mwizi. Nikilia kumlilia mume wangu, naye anatega sikio kama nazungumza na bwana mwingine. Hilo sijalisamehe.

Nilipomaliza eda nikaenda dukani niliposajili laini. Nikaelezwa kuwa taarifa ile haijui mtu alipo, inakisia tu kwa anwani ya intaneti ya simu. Laini yangu ya Tanga inapitia mitambo ya Dar, basi huonekana niko Dar. Nikatoka pale moja kwa moja hadi Mabawa, nikamwambia wifi atoke kwenye akaunti ile aingie upya. Taarifa ikaja kwangu: Dar es Salaam. Na yeye kakaa kwenye kochi lake, miguu juu.

Akacheka. Alicheka kweli! "Mitandao hii nayo! Basi mama nitamweleza mwenyewe."

Sikukuu ya Idi tukaenda Moa pamoja.

"Shikamoo, mama," nikasema, nikainama kumpa mkono.

Mama mkwe aliutazama mkono wangu, hakuushika.

"Marahaba. Umerudi lini kutoka Dar?"

Nikamgeukia wifi. Alikuwa anamimina chai.

"Mama," akasema, "nikuongeze sukari?"