Raba Zilizoanikwa Juani

Mavyaa, mama wa mume wangu, alizifua raba zangu siku moja kabla ya mchujo wa Tononoka, na mpaka leo sijamsamehe. Wala msiniambie nimsamehe.

Tulikuwa tukiishi wawili, Mji wa Kale. Mwanawe yuko Uarabuni kazini. Mchujo ulitaka wakimbiaji watatu tu, waende kambini bara miezi mitatu. Nina miaka thelathini na mmoja. Ningeingoja nafasi nyingine mpaka lini?

Watu hudhani kiatu laini ndicho kizuri. Wanakibonyeza kwa dole gumba dukani, kikibonyea wanatoa meno yote nje. Upuzi mtupu! Sponji ikiwa laini mno inakula nguvu zako: unakanyaga, unazama, unajinyanyua upya kila hatua. Ikiwa ngumu, magoti yanakulipukia. Zangu zilikuwa nene, nyepesi, ukikanyaga zinakusukuma. Nilizitafuta mwaka mzima.

Jioni ile nilirudi kutoka kazini nikazikuta juu ya mabati, zimeanikwa tangu asubuhi, nyeupe pepepe. Nikazibonyeza. Sponji imekakamaa kama mkate wa juzi.

“Mama, nani kakwambia uzifue?”

“Zilikuwa zanuka, mwanangu. Sema ahsante.”

Kesho yake nikazivaa hizo hizo, ningevaa nini? Kufika barabara ya Mama Ngina, kule ufukweni, nilikuwa wa pili. Tulipogeuka kurudi, soli ya kulia ikabanduka mbele, ikawa inapiga lami pa, pa, pa. Nikaivua ile raba, nikakimbia na moja: mguu mmoja juu, mmoja chini, nyonga inawaka moto, unyayo unatoka damu. Nikamaliza wa nne. Wa nne, jamani! Yule wa tatu alikuwa hapo hapo mbele yangu, ningemshika shati.

Nilimkuta mavyaa amekaa jikoni akichambua mchele. Nikaitupa raba mbele yake.

“Jua limeua gundi! Umenimaliza, mama, na hata hujui ulilofanya!”

Hakushtuka. Aliiokota, akapitisha kidole pale ilipobanduka, taratibu, akaikwaruza gundi kwa ukucha.

“Marehemu mume wangu alikuwa fundi viatu,” akasema. “Miaka ishirini mimi ndiye niliyempakia gundi. Unifundishe wewe jua hufanya nini?”

Akaiweka raba chini, akarudi kwenye sinia lake.

“Miezi mitatu,” akasema, bila kuniangalia. “Mimi ulitaka kuniwacha na nani?”