Lenzi ya Kwetu, Kamera ya Kwao

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka nacheka mpaka leo, ingawa siku yenyewe nililia hadi kope zikavimba. Nilikuwa nimeketi kitandani, hapa hapa Lizaboni, Songea, nguo zangu zote zimo kwenye begi, nangoja kupambazuke nipande gari la kunirudisha kwetu Hanga. Nilikuwa namwacha baba yako. Na kilichotugombanisha hakikuwa mwanamke wala pombe. Kilikuwa kamera.

Keti vizuri, na chai hiyo unywe, isipoe. Nashusha sauti kidogo kwa sababu baba yako yuko uani anapukuchua mahindi, na masikio yake hayajazeeka kama magoti yake.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu yalianza kujaa, hata sabuni ikawa ya kuchagua. Sisi tulikuwa na studio ndogo, chumba cha mbele kile ambacho sasa wanauza vocha. Baba yako alipiga picha, mimi nilizisafisha katika chumba cha giza kule nyuma, na taa yangu nyekundu na ndoo zangu za dawa. Tulikuwa bado hatujakuzaa. Tulipendana, na tulikuwa na midomo.

Baba yako mkubwa, yule aliyekuwa dereva wa lori, alimletea mdogo wake kutoka Dar es Salaam kamera ya kisasa inayojilenga yenyewe. Unabonyeza kidogo, inalia kama kifaranga, unajua imekamata. Ilikuja na lenzi yake ndogo, na kwa lenzi ile ndogo hatukuwa na neno. Kisha mjomba wangu akarudi kutoka masomoni Ulaya, akanizawadia mimi lenzi nyingine ya kamera ya aina hiyo hiyo. Hiyo ilikuwa na jicho pana kama kikombe. Ilipiga kanisani jioni bila flashi, na mtu ukimpiga kwa karibu, uso unasimama peke yake na nyuma yake kunalainika kama uji. Watu wa Songea walikuwa hawajaona picha za namna hiyo. Mabibi harusi walitoka hadi Mjimwema kutufuata.

Lakini jicho pana lina masharti yake. Likifunguka lote, sehemu inayotoka safi ni nyembamba, haizidi vidole viwili. Lenga jicho, sikio limeshaingia ukunguni. Basi sisi ikawa kinyume. Picha zikaanza kutoka masikio safi, macho ukungu. Bibi harusi mzima, hereni unaziona hadi nakshi zake, macho yake utadhani yanatazama kupitia moshi wa jikoni.

Hapo ndipo ulimi ulipoanza kazi. Baba yako akasema naharakisha kuzisafisha. Mimi nikasema mikono yake inatetemeka kwa ulanzi anaokunywa Jumamosi. Nikasafisha vile vitufe vya shaba mahali lenzi inapoungana na kamera, nikavifuta kwa kitambaa kikavu mpaka vikang'aa, lakini ukungu ukabaki pale pale. Mwishowe baba yako akatamka neno ambalo hakupaswa kulitamka.

"Kabla ya lenzi ya kwenu kuingia humu, mambo yalikuwa sawa."

Umesikia? Ya kwenu. Mimi nami nikamjibu kwamba kamera ya kwao ndiyo mbovu, na kwamba hakuna ajabu, kwani vya kwao nilivijua. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Tangu siku ile chombo kikiharibika tulikuwa tunasema kinatoka ukoo gani.

Tukaituma lenzi kwa fundi Dar es Salaam, peke yake. Fundi akairudisha na maneno kwamba ameipima kwenye kamera yake, haina tatizo. Nikatamba nyumba nzima. Nikasema sasa itumwe kamera. Ikatumwa na lenzi yake ile ndogo, ikarudi: nayo haina tatizo. Baba yako akatamba zamu yake, akaniambia, "Kama vyuma ni vizima, basi kibovu ni mtu." Nikauliza mtu gani. Akanyamaza akaniangalia. Mwanangu, kuna kunyamaza kunakouma kuliko kofi. Ndiyo siku niliyopanga nguo.

Ila sikuweza kuondoka hivi hivi. Kwetu binti hatoki kwa mume bila mshenga kujua, kwa sababu aliyekupeleka ndiye anayejua njia uliyoingilia. Mshenga wetu alikuwa Mzee Ngonyani, jirani wa baba mkwe wangu, mtu mrefu, mwenye utani mwingi na nywele zilizomtoka masikioni. Nilimpelekea ujumbe jioni. Asubuhi yake, baada ya misa, alikuwa mlangoni.

Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku akilitazama begi langu. Hakuuliza begi la nani. Aliketi, akaomba maji, akatuweka wote wawili mbele yake.

Alianza na mimi. "Mama, ukienda kwa mama mkwe wako, ukikaa naye huko shambani, mnagombana?"

"Hapana, baba. Mimi na mama tunaelewana sana."

Akamgeukia baba yako. "Na wewe Kasiani, ukienda Hanga kwa shemeji zako, mnagombana?"

"Hatugombani, mzee. Kule wananipenda kuliko wanavyompenda huyu." Hata siku ile hakuacha utani, baba yako.

"Basi huyu ni mzima akiwa kwa watu wako, na wewe ni mzima ukiwa kwa watu wake," akasema Mzee Ngonyani. "Hivi ndivyo nilivyouliza hata kabla sijapeleka posa. Sasa kilichobaki niwatazame mkiwa pamoja. Haya, mnagombania nini?"

Tukaongea kwa mpigo. Lenzi ya kwetu, kamera ya kwao, chumba cha giza, ulanzi. Nikamletea ushahidi, picha yake mwenyewe tuliyompiga wiki iliyopita na ambayo tulikuwa tunaona aibu kumpa. Akaishika mbali na uso, akaisogeza karibu, akaangua kicheko.

"Nywele za sikio langu nazihesabu! Macho yangu mmeyapeleka wapi?"

Halafu akaacha kucheka. Akasema mkono ukitetemeka, au mtu akikosea kusafisha, sikio nalo lingekuwa na ukungu. "Hapa kuna kilichoonwa vizuri. Ila kilichoonwa sicho kilichotakiwa." Akaiweka picha mezani, akatuuliza kwa sauti ya chini, "Na hivi vyuma, mmeviuliza kama nilivyowauliza nyinyi?"

Tulikuwa tumevituma kwa fundi kila kimoja peke yake, kila kimoja kikiwa na wakili wake. Pamoja, havikuwa vimeulizwa hata siku moja.

Mzee Ngonyani aliaga. Begi langu alilichukua mwenyewe, akaliweka juu ya kabati ambako mimi siwezi kufika. Akasema atarudi Jumapili.

Baba yako akaenda Mjimwema kwa mpiga picha mwenzetu mwenye kamera ya aina ile ile, akaiazima kwa siku moja. Mimi nikapanga viberiti mezani kwa mshazari, kila kimoja nyuma kidogo ya mwenzake. Kamera ikakaa juu ya stendi, isishikwe na mkono wa mtu asije akalaumiwa. Baba yako akafungua lenzi yote, akalenga kiberiti cha katikati.

Tukapiga kwa kamera ya kwao na ile lenzi ndogo. Tukapiga kwa kamera ya kuazima na lenzi ya kwetu. Kisha kwa kamera ya kwao na lenzi ya kwetu, pamoja. Mwisho nikamwambia azime ile swichi ya kujilenga, alenge kwa mkono na macho yake mwenyewe. Jioni tukaingia chumba cha giza wote wawili, jambo ambalo tulikuwa hatujalifanya kwa muda mrefu. Picha zikaanza kujitokeza ndani ya dawa, moja moja. Ya kwanza, kiberiti cha katikati safi. Ya pili, safi. Ya tatu, cha katikati kina ukungu, na cha nyuma yake unakisoma hadi herufi ndogo. Ya nne, aliyolenga kwa mkono, safi kabisa.

Baba yako akaishika ile ya tatu inachuruzika maji. Akasema, "Kumbe mke wangu hakuna mbovu." Nilimwegemea pale pale, dawa ikatumwagikia miguuni, na mimi nikalia tena, kilio kingine.

Tukavituma vyote viwili kwa fundi, vikiwa vimeungana, pamoja na picha za viberiti. Fundi alieleza kwamba hakuna kitu kilichotengenezwa kikamilifu. Kamera yetu ilikuwa inalenga nyuma kidogo, na lenzi nayo ilikuwa inaangukia nyuma kidogo. Lenzi ndogo, kwa jicho lake jembamba, ilikuwa inasamehe. Ile kamera ya kuazima huenda ilikuwa inaelekea mbele kidogo, ikafidia. Zetu zilipokutana zikajumlisha makosa. Akazirekebisha pamoja, kila moja akiigusa kidogo. Na akaongeza, "Mngeniletea vyote viwili tangu mwanzo."

Mzee Ngonyani tulimpiga tena. Safari hii macho yalitoka, yenye utani wake wote ndani yake. Alipofariki, picha ile ndiyo iliyobebwa mbele ya jeneza. Na ile ya viberiti iko sebuleni, ambayo mmekua mkiniuliza kwa nini mama ametundika ukutani kitu kisicho na mtu.

Sasa na begi lako, mwanangu. Nililiona jana ulipoingia, nikanyamaza, nikakupa chakula kwanza. Nimekuuliza kama mumeo amekunyooshea mkono, ukaniapia kwamba hapana. Angekuwa amekugusa nisingekusimulia habari za kamera, ningekuwa nimeshavaa viatu. Lakini ulichonieleza usiku kucha ni mama yake kasema hivi, sisi kwetu hatufanyi vile. Nimekisikiliza, na ninakuamini. Mumeo naye akija peke yake nitamwamini, maana namjua, ni kijana mzuri. Ndiyo shida ya kumsikiliza mtu mmoja mmoja: kila mtu ni mzima akiwa peke yake. Vyombo vikikaa pamoja havina budi kugongana.

Nasaha yangu ni hii. Mkianza kuona ukungu, msitafute upesi nani mbovu. Kwanza angalieni kilichotoka safi, kwani hata kwenu kipo. Wewe una macho, hukosi kumwona mumeo anavyokuvumilia ukiwa umechoka. Ugomvi wenu msiugawe kwa koo. Msiupeleke nusu nusu, wewe kwa mama yako na yeye kwa dada zake, mkarudi kila mmoja na cheti chake cha uzima. Uleteni mzima, mahali pamoja, mbele ya mtu anayewapenda wote. Na kila mmoja akubali kuguswa kidogo.

Kwa hiyo begi hilo baba yako ataliweka juu ya kabati. Kaka yako ataenda asubuhi kumwita mshenga wenu, na mumeo aje naye.

Unamsikia huyo uani? Nilikwambia masikio yake ni ya kijana. "Mwambie waje wote wawili, na mimi nitachinja kuku!" Baba yako huyo. Hata kuku mwenyewe ni wangu.

Lala sasa. Mungu aliyetutunza sisi na midomo yetu akubariki wewe, mwanangu, ambariki na mumeo, akawape macho ya kuonana. Nimewataja wote wawili.