Fimbo Niliyomfukia Shangazi

Mimi ni fundi umeme, na sijapata mteja wa kunitisha kama shangazi yangu. Ndiye aliyenilea, katika nyumba yake ya zamani hapa Raskazone. Friji yake ilimpiga shoti miaka nenda rudi, naye alishaizoea. Aliweka kandambili mbele yake, na mgeni akitaka maji baridi anaambiwa avae kwanza.

Alipokwenda Mkwaja kwenye hitima, nikaona ndiyo nafasi. Nikagongomea fimbo ndefu ya shaba ardhini, nyuma ya nyumba, nikaivutia waya wa ethi kutoka kwenye boksi la umeme, ili umeme unaovuja uishie mchangani badala ya kuishia mkononi mwake. Bomba la maji la chuma nikaliunga kwenye waya huohuo. Friji ikatulia. Nikaenda zangu Horohoro kazini bila kumwambia, nikitaka ashangae mwenyewe.

Alishangaa. Niliporudi baada ya wiki mbili nilimkuta jikoni amevaa mabuti ya mpira, ananipakulia wali.

"Shikamoo shangazi. Mabuti ya nini?"

"Marahaba. Nimefukiwa, mwanangu."

Alikuwa anafagia uani akaona kichwa cha shaba kimechomoza mchangani, kimefungwa waya wa kijani na njano. Akamwita mganga. Mganga akachimba asubuhi nzima, jasho linamtoka, akasema hajaona hasidi anayefukia kina kile. Waya akaukata pale ulipofungwa kwenye fimbo, fimbo akaenda kuitosa baharini. Tangu hapo jini limekasirika: zamani lilikaa kwenye friji tu, sasa limehamia na bombani.

Jini hilo nilikuwa nalijua vizuri. Fimbo ilipong'olewa, umeme wa friji ulikosa pa kwenda, ukafuata waya wangu mpaka bombani. Nilikuwa nimempelekea shoti pale anapotilia udhu.

"Mganga kasema ni mtu wa karibu, anayekula chakula changu," alisema. Nilikuwa na tonge mdomoni. "Jirani nimeacha kumsalimia. Wifi yangu nimemnunia. Wewe tu ndiye sikukutilia shaka."

Nilipaswa kusema palepale, lakini niliona haya, nikajiambia nitarekebisha kimyakimya, jirani atajijua. Ndipo ikaadhiniwa adhuhuri. Kwa kawaida shangazi alikuwa anajaza ndoo akiwa na mabuti yake, kisha anatawadha kando. Siku hiyo alichelewa kujaza ndoo, akaona atawadhe palepale bombani, na miguu haioshwi ndani ya mabuti. Nikamwona anavua la kwanza, mkono umeshaelekea kwenye koki.

Sahani ilikwenda upande wake, mimi upande wangu. Nilizima swichi kubwa huku napiga kelele, "Usiguse! Ni mimi!"

Alisimama na buti moja mguuni. "Wewe ndiye nini?"

"Ndiye niliyefukia."

Nikamweleza yote. Nimepigwa shoti mara nyingi katika kazi hii, lakini hakuna iliyoniuma kama alivyonitazama.

"Ulitaka kuniua?"

"Nilitaka usife, shangazi." Nikalia, mtu mzima na mvi zangu.

Hakunibembeleza. Alinituma kwanza kwa jirani, kisha kwa wifi yake, nikaombe radhi kwa jina lake. Ndipo nikaruhusiwa kugongomea fimbo nyingine, naye amesimama na chetezo cha ubani, anasoma anayoyajua. Nilipomwambia mchanga ukiwa na maji ethi inafanya kazi vizuri zaidi, alileta birika akamwagilia mwenyewe.

Nikawasha umeme, nikapima friji, nikapima bomba. Kimya. Shangazi akavua mabuti yote mawili, akatia udhu wa alasiri peku, taratibu, akirudia miguu kuliko inavyotakiwa.

Baada ya sala aliniletea sahani nyingine ya wali.

"Yule mganga mkweli," alisema. "Si alisema ni mtu anayekula chakula changu?" Akaniongezea kichwa cha samaki, kile anachojiwekea yeye siku zote.