Mikono Nyuma

Wiki iliyopita nilifuata stuli yangu kwenye karakana ya pamoja ya maseremala, Mchikichini. Dada mmoja anayejifunza kazi alikuwa anapasua ubao kwa msumeno wa umeme, umeme ukakatika. Kukawa kimya. Maseremala wote, watu wazima na ndevu zao, wakaweka mikono nyuma kama wanafunzi mstarini, wakautazama msumeno. Nilitaka kucheka.

Yule dada peke yake akanyoosha mkono achomoe ubao ulionasa.

"Dada, mikono nyuma," fundi wake akasema taratibu.

"Si umeme umekatika, fundi?"

"Umekatika. Lakini swichi hujazima."

Akarudisha mkono. Kabla fundi hajaifikia swichi, msumeno ukaamka wenyewe, ukaendelea kuula ubao pale pale vidole vyake vilipokuwa vinaelekea.

Kwenye ghorofa za jirani watoto walishangilia, "Umerudi!" Mle ndani hakuna aliyeshangilia. Dada alikuwa anavigusa vidole vyake, kimoja kimoja.

Siku hizi umeme ukirudi nyumbani, sifurahi mpaka nijue mikono ya kila mtu iko wapi.