Misimu Miwili Bila Mama Katekista

Siku yangu ya kwanza kazini, paroko alinikabidhi daftari la ubatizo, ufunguo wa kanisa la udongo kule Marambo, na onyo moja. "Katekista, mimi nitafika kigangoni mara moja kwa mwezi. Siku nyingine zote watu watakutazama wewe na mkeo." Kigango, kwa ninyi vijana msiojua, ni tawi la parokia lililo mbali na padri. Niliitikia kama mtu aliyeelewa.

Kazi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa mafundisho ya ndoa. Wachumba walikuja kwangu majuma kadhaa, kisha tulitangaza majina yao kanisani Jumapili tatu, ili mwenye kujua kizuizi aseme mapema. Nilijiona fundi hasa.

Paroko aliyefuata akaniita. "Kuna kigango kipya upande wa Ruangwa. Utakwenda?" Nikajibu hapo hapo, "Nitakwenda, Baba." Nikarudi nyumbani, nikamwambia mke wangu Felista afunge mizigo.

Hapo niliharibu. Sisi Wamwera, kwa desturi, mume huhamia kwa mke. Nyumba ile na mikorosho ile ilikuwa ya ukoo wake, na mwenye neno ni mjomba wake. Felista aliweka ungo chini. "Mimi hujaniuliza. Mjomba hujamwuliza. Nenda wewe." Nami kwa ukaidi wangu nikaenda.

Misimu miwili ya kilimo nilifundisha ndoa huku nikijipikia ugali mbichi. Siku moja binti aliyekuwa akijiandaa kufunga ndoa aliuliza, "Mwalimu, na mama katekista yuko wapi?" Alitaka kujua tu, maskini. Niliwaruhusu wachumba waende, nikapanda baiskeli kurudi Marambo, njia nzima nikiogopa nitamkuta ana mume mwingine.

Mjomba alinikalisha mkekani, Felista akakaa pembeni. "Baba," mjomba akaanza, "kanisani kwenu mtu akitaka kuoa mnatangaza mara tatu. Wewe kuondoka hukutangaza hata mara moja. Mimi nilishamwambia mwanangu, huyo kakuacha, watu wanaokutaka wapo. Kakataa. Jumapili anaongoza sala yeye. Wakimuuliza, anasema mume wangu yuko kazini."

Makumi ya wachumba niliwafundisha kiapo cha ndoa. Kumbe aliyekishika alikuwa huku, peke yake, wala sijui. Nilistaajabu mpaka machozi yakanitoka mbele yao.

"Mwanangu," mjomba akamgeukia, "neno ni lako. Aende zake, au akae?"

Nikaona niulize mimi kabla hajajibu. "Mama, unataka tuishi wapi?"

"Tuvune korosho kwanza," akasema. "Halafu tutakwenda wote. Ukistaafu, tunarudi hapa."

Tukaenda Ruangwa, baadaye Chiola. Tulizika mtoto mmoja, tukalea wanne, na kununiana hatukuacha. Sasa nimestaafu, tuko Marambo kwao, na wale niliowafundisha ndoa wananisalimu kwa heshima nisiyoistahili.

Juzi tukibangua korosho nilijikaza nikamuuliza kwa nini hakuniacha miaka ile, wakati hata mjomba alimruhusu.

Hakuinua macho. "Nilikuwa nimekasirika, baba," akasema. "Sikuwa nimeachika."