Nilimwambia Narudi, Nikapanda Lori

(Majina ya mwandishi na ya rafiki yake tunayo. Ameomba tuyafiche.)

Ndugu wasomaji, mimi ni msichana wa miaka ishirini na mbili, niko mwaka wa pili wa chuo kikuu. Kwetu ni Kolwezi, lakini wazazi asili yao ni Kasongo, ni Waislamu. Baba ana lori linalopeleka bidhaa mpaka Kisenge, mama anauza vitenge sokoni. Tangu kolera, yaani kipindupindu, iingie chuoni na wanafunzi wote turudishwe makwetu, huu ni mwezi wa tatu. Watu wakinikuta wananiambia, "Uko na bahati, unapumzika." Sijapumzika hata siku moja.

Kule chuoni nilikuwa nakaa chumba kimoja na msichana wa Kikasai, nimwite Ngalula. Tulikuwa tunapika chungu kimoja, tunavaliana nguo, ananiita dada. Asubuhi ile waliyotangaza kwamba chuo kinafungwa, Ngalula aliamka anatapika. Kufika saa nne hakuweza tena kusimama. Alinishika mkono, akasema, "Dada, usiniache."

Nikamwambia, "Ngojea, naenda kuita munganga wa chuo. Narudia sasa hivi."

Nilitoka kweli kwa nia ya kumwita. Lakini uani kulikuwa na malori yanayopeleka wanafunzi kwenye gari ya moshi, watu wanasukumana, wanalia, mtu mmoja anapiga kelele kwamba lile ndilo la mwisho. Hapo moyo wangu ulinipiga kwa namna sijawahi kuisikia. Nikapanda. Nilikuwa na kandambili tu miguuni, hata mfuko sikuchukua. Hakuna mtu aliyenishika. Hakuna mtu aliyenikataza kurudi. Na sikumwambia yeyote kwamba kule chumbani kuna mgonjwa.

Basi, tangu nifike nyumbani siwezi kukaa. Kila asubuhi naweka kitabu mezani, nageuza kurasa ili baba asikie kwamba nasoma, lakini mstari mmoja naurudia hata mara kumi na hauniingii kichwani. Nanawa mikono kwa sabuni mpaka ngozi inapasuka. Chakula nikikionja tu, napata kichefuchefu, nadhani kolera nami imenikamata. Kitu kimoja tu kinanisaidia, nacho ni kutembea. Natoka mjini kwa miguu mpaka Musonoi, napita kando ya mashimo ya mgodi, nafika, nageuka papo hapo, narudi. Siku nyingine mara mbili.

Mtaani wakaanza kusema. Mama akanikalisha jikoni. "Banasema uko na bwana kule Musonoi. Ni kweli?"

"Hapana, mama."

"Sasa unafwataka nini?"

Nikaanza kuosha vyungu. Akanipeleka kwa shehe, nikasomewa. Wakati anasoma nilitulia kabisa, nikalia. Tulipofika barabarani, miguu ikaanza tena.

Kisha barua ya Ngalula ikaja. Yuko mzima! Mama mmoja anayefagia vyumba alimkuta chini, akaita watu, wakambeba. Mwanzoni nilicheka peke yangu kwa furaha. Lakini nikaendelea kusoma. Ameandika: "Dada, najua walikukataza kurudi. Kila siku nawaza jinsi ulivyoteseka juu yangu. Mwaka huu wewe ndiye utakayelala karibu na dirisha." Kitanda kile tulikuwa tunakigombania tangu mwaka wa kwanza. Barua hiyo sijaijibu. Ingeniambia "umeniua" nadhani ningeivumilia kuliko hivi.

Wiki iliyofuata baba alikuwa anatoka Kisenge, akanikuta barabarani jua la mchana, vumbi mpaka kwenye nyusi. Akasimamisha lori. "Panda."

Nikapanda. Tukaenda kidogo, akauliza bila kunitazama, "Mwanangu, uko na nini?"

Nikamwambia yote. Nilidhani atanipiga, ao atanishusha. Alisimamisha gari kando ya njia, mikono ikabaki kwenye usukani.

"Ule mutoto, iko muzima?"

"Iko muzima, baba."

"Al-hamdulillahi. Basi usimwambie. Weye utajisikia muzuri, yeye njo atabakia na machungu. Umuchunge tu, umupende."

Lakini mama, alipojua, alikataa kabisa. "Ndani ya lori mulikuwa batu wangapi? Siku moja atasikia kwa mungine. Hii neno itoke mu kinywa yako."

Na mama amesema kweli. Kijana mmoja wa hapa Kolwezi tulipanda lori lile pamoja. Aliniuliza siku ile ile, "Na mwenzako yuko wapi?" Nikamjibu, "Alitangulia."

Tangu niseme na baba, nimepata kulala kidogo. Yeye asiyetembea hata kwenda dukani, siku hizi akiwa yuko nyumbani ananiambia, "Twende," tunakwenda pamoja mpaka Musonoi. Watu wamenyamaza. Lakini kitabu bado hakisomeki, na chuo kitafunguliwa mwezi ujao. Nimewaza kuacha masomo, niuze vitenge na mama, nisimwone tena Ngalula. Nikiwaza hivyo naona nitamwacha mara ya pili.

Namjua vile alivyo. Atakuja mwenyewe kunipokea kituoni, atanikimbilia mikono wazi mbele ya watu wote. Nyinyi wasomaji, mama zangu, baba zangu, na nyinyi wanafunzi mliopita katika ugonjwa huu, nishaurini: nimwambie kabla hajanikumbatia, ao kisha? Ao nifunge kinywa kama baba alivyosema? Nifanye nini?